Kuitwa ni Kimoja, Kwenda ni Kingine

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, nilipita Majengo, Mombasa, kununua mahamri kwa mama mmoja ambaye wengi wa mtaa ule humjua kwa mkono wake mzuri. Karai lilikuwa motoni, mbaazi zimeiva, na wateja tulikuwa watatu tu. Alipokwisha kunifungia yangu aliniuliza kama nasoma Kiingereza. Nilipomjibu kuwa nasoma, alifuta mikono kwa leso yake, akainama chini ya meza na kutoa bahasha ya kaki iliyozungushiwa kitambaa safi.

"Hebu nisomee hapa, mwanangu. Binti yangu amenisomea, mjombake amenisomea, lakini nataka nisikie na kwa mtu mwengine."

Ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja hapa hapa Pwani. Binti alikuwa amepita mtihani wa kidato cha nne na ameitwa kwenda kusomea ualimu wa sayansi. Barua ilitaja siku ya kuripoti, vyeti vya kuchukua, karo ya muhula wa kwanza, pesa za chumba, na mambo mengine madogo madogo ambayo ukiyajumlisha si madogo tena. Nilimsomea yote, kisha nikamwambia, "Hongera sana, mama. Mtoto ameitwa."

Alicheka kidogo, akageuza hamri moja karaini. "Kuitwa ni kimoja, mwanangu. Kwenda ni kingine."

Msomaji mpenzi, maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku ile. Kwa miaka mingi sisi watu wa Pwani tumelalamika kwamba watoto wetu hawaitwi. Leo wako wanaoitwa, na vyuo vikuu viko karibu na nyumbani. Lakini kati ya barua na mlango wa darasa kuna njia fupi ambayo mtoto wa mkata huikuta ndefu kuliko safari ya Makka kwa miguu. Yafaa tulitazame jambo hili kwa utaratibu, tuanzie mbali kidogo, kwa maana ugonjwa usiojulikana mwanzo wake ni taabu kuutibu.

SHULE ILITIA NANGA KWETU

Wengi husahau kwamba elimu ya Kizungu katika nchi hii ilianzia Pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye akaanza kituo chake huko Rabai. Mwaka 1875 Freretown ikaanzishwa, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumza habari za shule huko bara. Ile Alliance High School ya Kikuyu, iliyowatoa viongozi wengi wa nchi hii, ilianza mwaka 1926.

Imekuwaje basi waliotangulia kuiona shule wawe wa mwisho kuifaidi? Jibu si kwamba wazee wetu walikuwa wajinga au wavivu, kama wanavyopenda kusema baadhi ya watu. Shule zile zilikuwa za kanisa. Mzazi Mwislamu alipotazama aliona mlango wa darasa na mlango wa kanisa ni mlango mmoja, na hofu yake haikuwa ya bure, kwani wako walioingia wakatoka na majina mapya. Akaona ni heri mwanawe abaki chuoni kwa mwalimu, akahitimu Kurani, akajua dini yake, kisha ashike biashara au chombo.

Wala tusisahau kwamba watu hawa walikuwa wakijua kusoma na kuandika. Barua, hesabu za duka, mikataba ya mashamba na tenzi ndefu ziliandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya Krapf. Lakini serikali ya kikoloni ilifanya kazi kwa herufi za Kirumi na kwa Kiingereza. Mtu aliyelala akiwa msomi akaamka akaambiwa hajui kusoma. Hilo ni pigo ambalo halijaandikwa vya kutosha katika historia yetu.

Serikali ilifungua shule ya watoto wa Kiarabu mjini Mombasa mwaka 1912, na ikasaidia. Lakini katika utawala ule elimu iligawanywa kwa rangi na kabila: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waarabu mbali, Waafrika mbali. Mswahili wa kawaida akajikuta katikati, hajulikani ni wa upande gani, na asiyejulikana upande wake hugawiwa mwisho.

Aliyepiga kelele mapema kuliko wote alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa kijigazeti chake "Sahifa", na mwaka 1932 akatoa "Al-Islah". Katika karatasi hizo aliwahimiza Waislamu washike elimu ya kisasa pamoja na dini yao, wasiogope hesabu na sayansi, na wasiwasahau watoto wa kike. Kwa Sheikh yule elimu mbili hizo hazikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa ni baina ya watu na uvivu wao wa kufikiri. Miaka mingi imepita tangu alipoyaandika hayo, na bado mtu akiyasoma huona kama yaliandikwa jana.

JENGO LA TUDOR

Baada ya Vita Vikuu vya Pili jambo kubwa lilitokea. Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, pamoja na Sultani wa Zanzibar na Aga Khan, walishikamana kuanzisha taasisi ya kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima. Jamii ya Mabohora nayo ikatoa mchango wake. Taasisi ikaundwa rasmi mwaka 1948, ikajengwa Tudor, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Jina lake kwa kifupi lilikuwa MIOME, na wazee wa Mombasa mpaka leo hulitaja hivyo hivyo.

Lengo halikuwa la ndoto. Bandari ya Kilindini ilikuwa ikipanuka, reli ilitaka mafundi, mitambo ilitaka watu wanaoijua. Kijana wa Kiislamu alikuwa akibeba magunia katika bandari ya mji wake huku fundi akiletwa kutoka mbali. MIOME ilikusudiwa kuibadilisha hali hiyo, imtoe kijana kwenye kubeba imtie kwenye kuendesha.

Baada ya Uhuru ilionekana haifai taasisi kama ile iwe ya watu wa dini moja. Mwaka 1966 ikafunguliwa kwa wote na kuitwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Uamuzi huo ulikuwa wa haki katika nchi moja ya raia sawa. Lakini kufungua mlango kwa wote si sawa na kuwafikisha wote mlangoni. Mwenye shule nzuri ya sekondari nyuma yake alifika mbio. Wa Kizingitini na wa Vanga alifika akitweta, kama alifika.

KARANI ALIYEKATALIWA

Katika siku za mwanzo za MIOME alikuwako pale kijana mmoja akifanya kazi ya ukarani na kusimamia bweni la wavulana. Alikuwa mtoto wa Sheikh Al-Amin yule yule tuliyemtaja, amezaliwa Mombasa mwaka 1933, na baba yake alimwacha akiwa na miaka kumi na minne. Katika mtihani wa Cambridge alipata daraja ya tatu. Makerere, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki, ilimkataa.

Kwa hesabu za kawaida habari yake ingeishia hapo. Angekuwa karani mzuri, akapanda cheo polepole, akastaafu, akawa mmoja wa wazee wanaokunywa kahawa barazani na ambao ukiwasikiliza unajiuliza, huyu angesoma angekuwa nani?

Lakini ilitokea siku ya Maulidi kijana yule akasimama kuhutubia juu ya Mtume Muhammad, na katika waliohudhuria alikuwamo Gavana Mitchell mwenyewe. Hotuba ilimgusa Gavana. Akamwita kijana, akamuuliza anataka nini maishani. Kijana akasema anataka kusoma. Mwaka 1955 akapata msaada wa serikali akaenda Huddersfield, Uingereza, kukamilisha masomo yaliyompungukia. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Manchester, akatoka na shahada mwaka 1960. Akaenda Columbia, Marekani, akapata ya pili mwaka 1961. Akaingia Oxford, akapata udaktari mwaka 1966. Na Makerere, iliyomkataa awe mwanafunzi, ikampa kiti cha profesa.

Msomaji amekwisha kumjua. Ni Profesa Ali Mazrui, aliyehutubia dunia katika redio ya BBC mwaka 1979, akatengeneza mfululizo wa televisheni juu ya Waafrika mwaka 1986, na kufundisha miaka mingi Michigan na Binghamton huko Marekani. Alifariki Oktoba 2014 na kuletwa kuzikwa kwao Mombasa, katika makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus.

Kuna jambo moja ambalo wachache hulikumbuka. Mwaka 2003 Profesa Mazrui aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwaka 2007 Mombasa Polytechnic, yaani MIOME ya zamani, ikapandishwa kuwa chuo kishiriki chini ya chuo kikuu hicho hicho. Hivyo karani aliyekuwa akilinda bweni pale Tudor akarudi akiwa mkuu juu ya nyumba ile ile. Mwenyezi Mungu humwinua amtakaye.

BAHATI SI MPANGO

Habari hii husimuliwa sana kwetu, na husimuliwa kama hadithi ya kutia moyo: soma kwa bidii, utafika. Mimi naomba ruhusa ya kuisoma kwa namna nyengine.

Kijana yule hakuwa mtoto wa mkata. Alikuwa mtoto wa Kadhi Mkuu, wa ukoo unaojulikana, aliyekulia katika nyumba ya vitabu. Hata hivyo mlango ulifungwa usoni pake, na haukufunguka mpaka siku moja ya Maulidi ambapo Gavana alikuwa amekaa mahali pa kumsikia. Akili yake ilikuwa ile ile siku aliyokataliwa na siku aliyopokelewa. Kilichobadilika ni nani alikuwa akisikiliza.

Basi ikiwa mtoto wa Kadhi alihitaji bahati ya namna hiyo, je, mtoto wa mvuvi wa Faza? Je, binti wa mgema wa Kaloleni aliyesilimu, au wa mpasua kokoto wa Mtwapa? Ni wangapi waliohutubu Maulidi katika msikiti wa makuti, wakasifiwa na wazee, wakapewa tende na kahawa, kesho yake wakarudi kuvuta nyavu kwa sababu hapakuwa na Gavana mkekani? Hesabu yao anaijua Mungu. Watu hawawezi kutoka katika ufukara kwa kungoja siku ambayo mkubwa mmoja atapita na kumsikia mmoja wao. Bahati humtoa mtu mmoja. Wanaohitaji kutoka ni wengi.

NUSU KARNE YA KUPANDA BASI

Baada ya Uhuru nchi ilijenga vyuo vikuu. Nairobi ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Moi ikafuata mwaka 1984 huko Eldoret, kisha Kenyatta mwaka 1985, Egerton ya Njoro mwaka 1987, Jomo Kenyatta mwaka 1994, na baadaye Maseno. Ilipofika mwaka 2007, Masinde Muliro ya Kakamega ilipopewa hati yake, nchi ilikuwa na vyuo vikuu saba kamili vya serikali. Pwani hapakuwa na hata kimoja.

Kwa mtoto wa Lamu aliyeitwa Eldoret, safari ilikuwa kwanza kuvuka maji mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa, kisha kiasi cha kilomita 500 mpaka Nairobi, na bado njia nyengine ndefu mbele yake. Nauli hiyo haikuandikwa popote katika barua ya kuitwa. Blanketi la baridi halikuandikwa. Kwa binti, wasiwasi wa mama yake haukuandikwa.

Mwaka 2013 ndipo Pwani ilipopata vyuo vikuu vyake kamili vya serikali: Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kikafuata mwaka 2016. Tangu Uhuru wa mwaka 1963 mpaka hapo ni nusu karne kamili. Mtoto aliyezaliwa siku bendera ilipopandishwa alikuwa na umri wa miaka karibu hamsini kabla chuo kikuu hakijafika kwao. Tusishangae basi tukitafuta madaktari na wahandisi wa mitaa yetu tukawapata wachache.

KARO, MKOPO NA RIBA

Sasa majengo yako. Lakini wakati majengo yalipokuwa yakikaribia, bei nayo ilikuwa ikipanda. Miaka ya mwanzo baada ya Uhuru mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa na serikali bure. Mwaka 1974 mikopo ikaanza. Hata hivyo chakula na kitanda vilikuwako, na wanafunzi walikuwa wakipewa pesa za matumizi walizoziita "boom". Mwaka 1991 karo ikaanza kutozwa waziwazi na "boom" ikafa. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi huijua kwa jina la HELB. Mwaka 2023 ukaja mpango mwengine wa kuwapanga wanafunzi kwa uwezo wa wazazi wao, baadhi wapewe zaidi na wengine wachangie zaidi, na mpango huo nao ukapelekwa mahakamani.

Kwa ufupi, Pwani ilikosa chuo wakati elimu ilipokuwa bure, na ikapata chuo wakati elimu ilipokuwa ya kulipia. Huu ndio uchungu wenyewe. Mwenzetu aliyekalia kiti wakati wa bure aliwasomesha wanawe kwa mshahara wa shahada yake. Sisi tunaanza kupanga foleni wakati dirisha limewekwa bei.

Nikarudi kwa yule mama wa mahamri siku ya pili, nikamuuliza habari za mkopo. Akanyamaza kidogo. Akasema mjomba wa mtoto, ambaye ndiye mwenye sauti nyumbani tangu baba alipofariki, amekataa. "Anasema ule mkopo una riba. Anasema tukimlisha mtoto elimu ya riba, ataivua wapi baraka?"

Hapa msomaji ajue kwamba mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na mwanafunzi hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kwa mtu wa benki asilimia 4 ni kidogo mno. Kwa mjomba yule wingi na uchache si hoja, kama vile tone la mvinyo na pipa la mvinyo ni hukumu moja. Masheikh wamelizungumza jambo hili. Wako wanaoliruhusu kwa dharura pale ambapo hakuna njia nyengine, na wako wanaolizuia. Makala haya si fatwa wala mwandishi si mufti. Ninachokiona mimi ni hiki: mtu mwenye duka au anayetaka nyumba amekwisha kutafutiwa njia, kwani tangu mwaka 2008 nchi hii ina mabenki yanayofuata sharia. Kwa mfanyabiashara tuliketi tukafikiri mpaka tukapata. Mwanafunzi maskini tumemwachia achague mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minane, baina ya dini yake na darasa lake. Hilo si jambo la haki.

Ziko pia basari, za kaunti na za maeneo ya bunge. Yule mama alikuwa amejaza fomu tatu, akaenda kwa chifu kupigiwa muhuri, akaenda shuleni kwa saini, akarudi kwa chifu kwa kuwa muhuri wa kwanza ulipigwa pasipopigwa. Basari husaidia, hapana shaka. Lakini fungu moja likigawiwa watu wengi ili kila mtu aonekane amepata, huwa kama sukari ya kijiko kimoja katika birika la arusi: imetiwa, lakini haionjeki.

NA MWENYE SHAHADA ASIYE NA KAZI?

Najua wako watakaosema, "Wewe mwandishi unasifu shahada, na pale kwetu yuko kijana mwenye shahada anaendesha bodaboda." Ni kweli, yuko. Shahada si hirizi. Hakuna aliyeahidiwa kazi siku ya kuvaa joho.

Lakini tutazame upande wa pili. Kazi ambazo mtu wa Mombasa alizipata bila cheti zinapungua kila mwaka. Meli zilipoanza kuleta makasha badala ya magunia, makuli wengi walikosa la kubeba. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 na makasha yakaanza kupelekwa moja kwa moja Nairobi, madereva, matingo, mawakala wa forodha na mama lishe wa barabarani waliona tofauti mifukoni mwao. Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 2021. Je, wanaoendesha winchi zake ni watoto wa Lamu, au watoto wa Lamu wanazitazama kutoka mashuani?

Na binti asiyekwenda chuo hakai bure. Yuko anayeolewa kabla ya wakati wake, na yuko anayechukua pasipoti akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili, akirudi salama ni shukrani. Tusilinganishe shahada na pepo. Tuilinganishe na hayo. Mwenye shahada asiye na kazi leo ana la kusubiri. Asiye na chochote hana hata hilo.

TUNAJUA NAMNA YA KUFANYA

Uzuri ni kwamba dawa si ngeni kwetu. Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipofunguliwa mwaka 1961, vijana wengi wa Pwani, na wengi wao watoto wa mafukara, wamesoma huko na Al-Azhar. Mbona hao walikwenda mbali kote huko na wale wa Eldoret wakashindwa? Kwa sababu aliyewaita Madina aliwatumia tiketi, akawapa chumba, chakula na kitabu. Hawakuitwa tu, walichukuliwa. Mtoto wa mkata akifunguliwa njia yote, si nusu yake, hufika.

Na aliyetangulia kuifungua njia hiyo katika historia ya Uislamu alikuwa wakfu. Msikiti wa Qarawiyyin huko Fes, ambao watu husimulia kwamba ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyorithi, ukawa mmoja wa vyuo vikongwe duniani. Karne baada ya karne ulisimama kwa mapato ya wakfu: maduka, mashamba na nyumba ambazo kodi zake zililisha walimu na wanafunzi. Al-Azhar nayo ililelewa hivyo hivyo.

Sisi Pwani wakfu tunao. Misikiti yetu mingi ina nyumba na maduka yaliyowekwa na wazee waliotangulia, na nchi ina sheria ya wakfu. Mapato hayo huenda kwenye taa, mikeka na maji ya udhu, na ni sawa, ndivyo walivyonuia walioweka. Lakini wanaoweka wakfu leo ni nani, na wananuia nini? Tajiri akijenga msikiti wa tatu katika mtaa ambao miwili haijai hata ijumaa, hawezi kunuia duka moja tu kodi yake iwe ya karo? Kamati ya msikiti haiwezi kuanzisha karadha isiyo na riba, kijana akasoma, akafanya kazi, akarudisha ili asome mwengine? Mambo haya hayahitaji Gavana. Yanahitaji daftari, watu watatu waaminifu, na hesabu kusomwa hadharani baada ya sala ya ijumaa.

Serikali nayo isipewe udhuru. Kodi za bandari zinatoka hapa, na deni la nusu karne halilipwi kwa kujenga majengo na kuuza viti vyake. Lakini tukiidai serikali kwa mkono wa kulia, wa kushoto usikae mfukoni.

MEZA ILIYOFUNIKWA

Wiki mbili baadaye nilipita tena Majengo asubuhi. Meza ya mahamri ilikuwa imefunikwa, karai limegeuzwa kifudifudi. Nikaingiwa na wasiwasi. Jirani yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifagia mbele ya mlango, akaniona nimesimama.

"Hayuko," akasema. "Amempeleka mtoto chuo."

Nikauliza pesa zimepatikana wapi. Akasema wanawake kumi wa mchezo, wale wanaochanga kila wiki na kupeana kwa zamu, walikaa wakakubaliana wampe yeye zamu ya kwanza, ingawa yake ilikuwa ya nane. Mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake kuezeka nyumba akasema nyumba itangoja. Na mjomba, yule aliyekataa riba, aliongeza kilichobaki kutoka katika akiba yake, akasema hiyo ni karadha, mtoto atamlipa akiwa mwalimu.

Wanawake kumi wa kupika mahamri, kusuka ukili na kufulia watu nguo. Hawakuwa na ofisi wala mwenyekiti.

Nilifurahi, nikamwombea dua mtoto. Kisha nikapiga hesabu njiani. Shahada ya ualimu ni miaka minne, yaani mihula minane. Mmoja umelipwa. Imebaki saba.